Tuwaulize wanafunzi wamekula lini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni muuguzi katika zahanati ya chuo, na kwa miaka 14 nimekaa kwenye dirisha la dawa. Napokea cheti kutoka kwa daktari, nahesabu vidonge, navitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi, naandika juu yake, kisha namweleza mgonjwa. Maneno ninayoandika ni yaleyale miaka yote: 1 × 3, baada ya chakula.

Muhula uliopita kijana mmoja wa mwaka wa pili alipokea bahasha yake, akaisoma, asiondoke. Nyuma yake kulikuwa na foleni. Akainamia tundu la dirisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani mama, mimi nakula mara moja kwa siku. Nivimeze vyote vitatu kwa pamoja, au nimeze kimoja viwili niviache?"

Hakuwa anatania. Alitaka jibu, kama mtu anayeuliza njia. Nikamwomba asubiri pembeni, na foleni ilipoisha nikamwita ndani tukakaa. Kilichomleta ni kichwa. Kilikuwa kinamuuma kila siku kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri, majuma matatu mfululizo. Alikuwa amepimwa damu, amepimwa presha, ameangaliwa macho, kila kitu kikaonekana sawa, akaandikiwa dawa ya maumivu. Katika mlolongo wote huo, mimi nikiwemo, hakuna aliyemuuliza alikula lini mara ya mwisho. Nilipomuuliza akahesabu kwa vidole. Alikuwa amekula jana yake saa kumi jioni. Wakati huo ilikuwa inakaribia saa saba mchana.

Hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Hatuulizi. Faili la mwanafunzi lina uzito wake, kundi lake la damu, dawa zinazomdhuru, jina la mdhamini na namba ya chumba chake. Lina hata nafasi ya kuandika kama anavuta sigara. Nafasi ya kuandika kama anakula haimo.

Wenyewe wana maneno yao. Wanasema "kupiga pasi ndefu", na wanalisema huku wakicheka, ndiyo maana sisi watu wazima tumelizoea tukadhani ni mambo ya ujana. Nimekaa nao nikajifunza pasi hiyo inavyopigwa. Asubuhi unachelewa kuamka ili siku iwe fupi. Mchana unavumilia. Ikifika saa tisa au saa kumi unakula mlo mmoja, mzito kadiri mfuko unavyoruhusu, halafu unajitahidi kulala mapema kabla tumbo halijaanza kudai tena. Mwenye kipindi cha saa moja asubuhi na kingine cha jioni anateseka maradufu, kwa kuwa hawezi kuifupisha siku yake kutoka upande wowote. Usiku wapo wanaochemsha maji wakayanywa yakiwa ya moto, tumbo lipate kitu.

Binti mmoja alinieleza kwamba wakati wa chakula cha mchana yeye huenda maktaba. Nikamsifu kwa bidii. Akatikisa kichwa. Bwenini wenzake huwa wanapika saa hizo, na akiwepo watamkaribisha, kwa kuwa ni watu wema. Juma lile walikuwa wamekwisha kumkaribisha mara tatu. "Mara ya nne siwezi, mama," akasema. Kwa hiyo anakaa maktaba mbele ya kitabu kilichofunguliwa mpaka sufuria zioshwe.

Baada ya miaka 14 naijua kalenda ya njaa kama ninavyoijua kalenda ya mafua. Majuma ya kwanza ya muhula dirisha langu lina kikohozi na vifundo vya miguu vilivyoteguka mpirani. Katikati ya muhula wanaanza kuja wa kichwa, wa kizunguzungu, wa tumbo linalowaka. Yakifika majuma mawili ya mwisho, ya mitihani, wanaletwa wakiwa wameshikwa mikono. Pesa ya mwanafunzi, iwe ya mkopo, ya ufadhili au ya mzazi, huja kwa mkupuo, na mara nyingi huja ikiwa imechelewa. Ikifika inakuta madeni yameipanga foleni. Tena kiasi chake kilipangwa siku nyingi, wakati bei za vitu hazimsubiri mtu. Aliyepangiwa posho ya kula siku 30 miaka michache iliyopita, leo anakula nayo siku chache kuliko hizo, ingawa tarakimu kwenye karatasi ni ileile na ofisi itamwambia amelipwa yote.

Watu huuliza, kwa nini wakate chakula na wasikate vitu vingine? Nimelifikiria sana jambo hili, na nadhani jibu ni rahisi. Ada usipoilipa, hufanyi mtihani. Kodi ya chumba usipoilipa, mwenye nyumba anagonga mlango. Nauli usipokuwa nayo, hufiki. Bando likiisha, kazi ya kikundi inakupita. Na usipochapisha ripoti, huna alama. Kila kimoja kina mtu anayekidai na adhabu inayojulikana. Chakula ndicho deni pekee ambalo mdai wake hana ofisi. Ukilikopa leo hakuna atakayekuja kukuuliza, basi unalikopa na kesho.

Wapo pia wanaogawa kile kidogo. Kijana anapokea posho, anatuma nusu nyumbani kwa sababu ya daftari za wadogo zake au dawa za bibi, kisha anarudi kwenye pasi ndefu bila kumwambia mtu. Na wapo mabinti wanaokubali mialiko ya watu wasiowapenda kwa sababu mwaliko una sahani ndani yake. Hao nawaona mimi baadaye, kwa matatizo mengine, na wananieleza mlango ukiwa umefungwa. Sitasema zaidi, kwa kuwa walinieleza kwa siri.

Niseme kidogo la kitaalamu, maana ndiyo kazi yangu. Wanafunzi wengi wanaamini njaa yenyewe inatoboa tumbo. Tangu mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipomgundua bakteria anayeishi tumboni, tunajua kwamba vidonda vya tumbo vingi vinatokana na huyo bakteria, na sehemu kubwa ya vilivyobaki inatokana na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Sasa tazama duara lenyewe. Mwanafunzi hajala, kichwa kinamuuma. Ananunua dawa ya maumivu, kwa kuwa kidonge ni rahisi kuliko sahani. Anakimeza juu ya tumbo tupu, kesho tena, keshokutwa tena. Mwisho wa mwezi yuko dirishani kwangu akiwa ameshika tumbo, nami nimeshika bahasha iliyoandikwa "baada ya chakula".

Na kichwa hakimuumi bure. Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini mtu akiwa amepumzika hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Mwanafunzi anayesoma kwa njaa anadai kazi kubwa kutoka kwa kiungo kinachokula sana kuliko ukubwa wake.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila mhadhiri aufahamu. Mwishoni mwa mwaka 1944, Vita ya Pili ya Dunia ikielekea ukingoni, Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani kilichukua wanaume 36 waliojitolea, vijana wenye afya njema, ili ijulikane mwili unakwendaje chakula kikipungua na mtu aliyekonda kwa njaa arudishwe vipi. Profesa Ancel Keys aliwapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi sita ya mwaka 1945. Hawakunyimwa kabisa. Walikula kila siku, ila kidogo. Niliposoma yaliyowapata nilidhani nasoma daftari langu: baridi isiyoisha, hasira za ghafla, kujitenga na wenzao, kuchoka kwa jambo dogo, na mawazo kuzunguka chakula mchana kutwa. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Walilalamika kwamba hawawezi kuituliza akili mahali pamoja. Lakini walipopewa majaribio ya kupima akili, uwezo wao haukuonekana kushuka.

Hapo ndipo nilipoiweka kalamu chini nikawaza. Akili yao ilikuwepo yote. Haikupata nafasi tu. Ninawajua wanafunzi walioandikiwa barua za onyo kwa kusinzia darasani, kwa kujibu kwa ukali, kwa kukosa vikao vya kikundi, na kila mmoja wa hao ningeweza kumwekea tiki kwenye orodha ile ya Minnesota. Tunawaita wavivu. Tunawaita watoto wa siku hizi.

Ninajua pia jibu ambalo wakubwa wengi watanipa: "Hata sisi tulisoma na njaa na tukafaulu." Nami nilisoma na njaa. Nikiwa mwaka wa pili wa uuguzi nilianguka wodini nikiwa nimeshika trei ya vifaa vya kufungia vidonda. Mikasi, koleo, pamba, vyote vikatawanyika sakafuni. Msimamizi wangu akaandika kwenye kitabu changu cha mazoezi kwa wino mwekundu: "Hapati usingizi wa kutosha. Aonywe." Nilikuwa nimelala vizuri sana usiku ule. Nililala saa kumi na mbili jioni ili nisiisikie njaa. Kitabu hicho bado ninacho. Katika darasa letu walikuwepo waliokuwa na akili kunipita, wakaondoka kimyakimya katikati ya muhula na vitanda vyao vikapewa wengine. Anayesimama kwenye mahafali kusimulia alivyovumilia ni yule aliyebaki. Wale hatuwaiti jukwaani, hatujui hata walipo.

Wazazi nao niwaambie jambo, kwa heshima. Mwezi uliopita binti alikuwa amelala kwenye kitanda chetu cha mapumziko, dripu mkononi, baada ya kuanguka kwenye ngazi za ukumbi wa mihadhara. Simu ikaita. Akaniangalia kana kwamba anaomba ruhusa, akajiinua kidogo ili sauti isitoke kichovu, akapokea. "Shikamoo mama. Sijambo kabisa. Ndiyo, nimekula. Nimeshiba." Alipokata akaigeuza simu kifudifudi juu ya shuka, akageukia ukutani. Mama yule alikuwa ameuliza swali la mapenzi na akajibiwa kwa mapenzi, kila mmoja akijaribu kumpunguzia mwenzake mzigo. Ukimuuliza mtoto wako "umekula?" atakujibu ndiyo. Muulize amekula nini, saa ngapi, na wapi. Akisita, ngoja, usimsaidie kujibu.

Kwa nini nang'ang'ania kuuliza? Kwa sababu kisichoandikwa hakina mwenyewe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina maswali manane tu ya kupima jambo hili, na yanatumika dunia nzima. Yanaanza taratibu: je, umewahi kuwa na wasiwasi kwamba hutakuwa na chakula cha kutosha kwa kukosa pesa? Yanapanda ngazi kwa ngazi: umekula aina chache tu za chakula, umeruka mlo, umekula kidogo kuliko ulivyostahili, chakula kimekuishia, umesikia njaa usile. La mwisho ni kama umewahi kushinda siku nzima bila kula. Dakika tatu zinatosha. Uzuri wake ni kwamba yanamkamata mtu akiwa bado kwenye wasiwasi, kabla hajafika kwenye ngazi za ukumbi wa mihadhara.

Marekani, pamoja na utajiri wake, ilikuwa haijui. Mwaka 2018 wakaguzi wa serikali waliripoti kwamba hakuna utafiti wa nchi nzima unaoonyesha ni wanafunzi wangapi wa vyuo wana shida ya chakula. Maswali kuhusu chakula yakaingizwa kwenye utafiti wa kitaifa wa wanafunzi wa mwaka 2020, na ripoti ya mwaka 2024 ikatoa jibu: asilimia 23, yaani kama wanafunzi milioni 3.8, na wengi wao walikuwa wanaruka milo au kujipunja kwa kukosa pesa. Watu hao hawakuzaliwa siku maswali yalipoulizwa.

Ripoti hiyohiyo ina jambo lingine linalonihuzunisha zaidi. Kati ya wanafunzi kama milioni 3.3 ambao huenda walikuwa na sifa za kupata msaada wa chakula wa serikali, theluthi mbili hawakusema kwamba waliupata. Masharti ni mengi; mwanafunzi huambiwa, kwa mfano, afanye kazi saa 20 kwa juma ndipo astahili. Lakini naamini hata pasipo masharti wengi wasingeenda, kwa kuwa binti wangu wa maktaba naye hakuwa na sharti lolote mbele yake zaidi ya aibu.

Ndiyo maana nina mashaka kidogo na rafu za chakula cha msaada, ingawa siwezi kuzibeza. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kuna ghala la chakula lililoanzishwa mwaka 1993 na kuendeshwa na wanafunzi wenyewe, na vyuo vingi vimefuata mfano huo. Ni kazi ya heshima, na mwenye njaa leo asisubirishwe mpaka sera ipite. Lakini mimi nimependa zaidi njia ya Ufini. Tangu mwaka 1979 serikali ya huko huchangia mlo wa mwanafunzi, na fedha hiyo hulipwa kwa mgahawa. Mwanafunzi anaonyesha kitambulisho chake, analipa bei iliyokwisha kupunguzwa, anachukua sinia. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mjane wanapita kwenye kaunta moja na hakuna anayeandika jina la mwenye shida. Mara ya nne ni sawa na mara ya kwanza.

Sasa naomba nini? Kwa vyuo naomba sehemu ya chakula itengwe na pesa nyingine tangu mwanzo wa muhula, ilipwe mgahawani kama chakula, na ihesabiwe mpaka siku ya mtihani wa mwisho. Najua baadhi ya wanafunzi watapinga, hasa wale wanaotuma nusu nyumbani, na hoja yao ni nzito. Sina jawabu kamili kwao, ila sioni haki tumbo la mtoto mmoja kugeuzwa mfuko wa hifadhi wa ukoo mzima. Kwa wanaopanga posho naomba wazitazame bei za leo. Kwa wahadhiri naomba kabla ya barua ya onyo liulizwe swali moja, faraghani.

Na kwa wenzangu wa zahanati za vyuo, naomba tuanze sisi, kwa kuwa hatuhitaji bajeti. Yule kijana wa bahasha sikumpa dawa siku ile. Niligawana naye chakula changu, akala polepole bila kusema neno, na saa nane na nusu akaniambia kichwa kimeachia. Kesho yake nilichukua rula na penseli, nikachora safu mpya kwenye daftari la wagonjwa, kati ya "umri" na "tatizo". Juu yake nimeandika: alikula lini. Mganga mfawidhi ameiona na hajaikataa. Ukurasa wa kwanza umekwisha kujaa pande zote mbili, na muhula bado una majuma sita.

Wako,
Muuguzi, zahanati ya chuo